Valvu Imefungwa

Mwenye tanuri la mikate aliwahudumia wote waliofika baada ya mke wa mkaguzi, mmoja mmoja, huku mwanamke mwenyewe akisimama pembeni ya kaunta na kikapu chake kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Mikate ilikuwa michache. Wiki hiyo ilitoka kwenye tanuri la zamani la kuni lililokuwa uani, nusu imeungua, nusu mbichi, na watu waliinunua huku wamenuna. Alipobaki peke yake, mwenye tanuri akainama, akatoa mkate wa jana chini ya kaunta, akauweka mbele yake.

"Huu ndio uliobaki."

"Mbona naona ile pale rafuni?"

"Ile ya wateja." Alijipangusa unga mikononi bila haraka. "Mumeo katunyima gesi, wewe unataka mkate wa moto? Nenda ukamwambie akuokee na kalamu yake."

Waliokuwa mlangoni wakacheka. Yeye akalipa, akautia mkate mgumu kikapuni, akatoka huku masikio yakimwaka. Alikuwa mshonaji, karibu nusu ya mtaa ule ilivaa nguo za mkono wake, na mwenye tanuri mwenyewe alikuwa amefunga aproni aliyoishona yeye. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Lakini hasira za watu wa ndoa zina tabia yao: hazimwendei aliyekosa, zinamsubiri aliye nyumbani. Kufika kona ya kwanza alikuwa ameshamsahau mwenye tanuri, anapanga atakachomwambia mumewe.

Mumewe alikuwa mkaguzi wa mabomba ya gesi. Kazi yake ilikuwa kufunua vifuniko vya zege barabarani, kushuka kwenye mashimo yenye valvu, na kuhakikisha kwamba kila valvu inazunguka, maana valvu isiyozunguka ni pambo tu, na siku ya hatari pambo halizuii kitu. Sheria ilitaka kila moja izungushwe mara moja kwa mwaka mpaka mwisho, kisha irudishwe. Jumatatu alikuwa ameshuka kwenye shimo la mtaani kwao. Akakuta usukani wa valvu unang'aa kwa rangi mpya nyekundu, umependeza kama kucha za bibi harusi. Akainama, akamulika shingo ya chuma pale usukani unapoingia. Rangi ilikuwa nzima. Hakukuwa na ufa hata mmoja. Valvu iliyozungushwa lazima ipasue rangi yake, na hii ilikuwa imepakwa juu ya kutu, tena si mwaka huu tu. Aliivuta, ikagoma. Wakaivuta vibarua wawili wa kampuni kwa bomba refu, ikagoma vilevile.

Siku hiyohiyo aliamuru gesi isimamishwe kwenye valvu kuu, kule kituo cha gesi, mtaa mzima ukaikosa, na kampuni iliyopewa kazi ya matunzo ikatozwa faini. Na msimamizi wa kampuni hiyo mtaani, yule aliyepaka rangi badala ya kuzungusha, alikuwa mdogo wake mke wa mkaguzi, mtoto aliyemlea mwenyewe mgongoni.

* * *

"Kampuni imempa mpaka Jumamosi," alimwambia mumewe jioni ile, akiuweka ule mkate mezani kwa kishindo ili usikike ulivyo mgumu. "Valvu mpya isipowekwa, anafukuzwa."

"Basi aweke."

"Ungeweza kumwonya kwanza. Mtu na shemeji yake. Ungempigia, ukamwambia, 'Bwana, nakuja kesho, kazungushe.'"

"Ningempigia, angeongeza rangi."

Hakuwa mtu wa kupaza sauti, na hilo lilimchosha mkewe kuliko kama angekuwa mgomvi. Kazini walimwita Sarufi. Jina lilitokana na neno moja. Mafundi wa bomba, kama watu wengine wote, walisema "funga" kwa kila kitu: valvu mpya ikiwekwa mahali pake na kukazwa bolti, walisema imefungwa, valvu ikizungushwa mpaka gesi isipite, walisema pia imefungwa. Mkaguzi alilipiga marufuku neno hilo. Kuweka, alisema, iitwe kufitisha. Kuzuia gesi, mtu aseme "gesi imesimama". Anayempigia simu akisema "imefungwa" alijibiwa "imefungwa vipi?" mpaka aseme vizuri. Mafundi walicheka mpaka machozi. Wakaanza kuamkiana: "Habari, fundi, duka limefungwa vipi leo? Ndoa yako imefungwa vipi?"

Hata nyumbani mkewe alimtania. Akimwambia, "Funga mlango, mbu wanaingia," huongeza, "usimamishe, usifitishe, maana tayari upo." Zamani yeye naye alicheka. Wiki hiyo hakukuwa na aliyecheka.

"Mtaa mzima unanisema," mkewe akaendelea. "Leo nimeuziwa mkate wa jana kama mbwa wa mtu. Napika kwa mkaa, macho yamevimba kwa moshi. Bomba hilo limekaa hapo tangu tuhamie, limemdhuru nani?"

"Usipoziba ufa..."

"Utajenga ukuta, najua! Wewe unaziba nyufa za watu, ukuta wa nyumba yako unaanguka huuoni."

Mkaguzi akachukua kisu, akaanza kuukata ule mkate kwa shida. Akamkatia mkewe kipande kikubwa, chenye sehemu laini ya katikati, yeye akala ganda.

* * *

Mdogo wa mke wa mkaguzi alikuja Jumatano mchana akiwa na buti za kazi. Alizivua mlangoni, akaingia na soksi zenye matundu, akakaa ukingoni mwa kiti. Hakuwa mwongo wala mvivu. Kampuni ilikuwa imepunguza watu mpaka akabaki na vibarua wawili na ndoo ya rangi, na bosi wake alitaka picha, si kazi. Valvu yenye rangi mpya inatoka vizuri kwenye picha.

"Shemeji, nimekosa," alisema. "Lakini nawe ungeniita pembeni. Umenivua nguo mbele ya vibarua wangu."

"Nilikuvua rangi tu," mkaguzi akajibu.

Ulikuwa utani, ila ulitoka vibaya, na kijana akainuka akidhani amedhihakiwa. Dada yake akamshika mkono, akamrudisha kitini. Mkaguzi akaona amekosea, akajaribu kurekebisha kwa njia pekee aliyoijua, yaani kueleza kazi. Valvu ya zamani itolewe, mpya ifitishwe. Kisha hiyo mpya izungushwe mpaka mwisho, mtaa ubaki bila gesi. Kisha kiungo cha bomba alichokikuta kinavuja Jumatatu hiyohiyo, pale kwenye tanuri la mikate, kikatwe na kuchomelewa. Gesi irudi mwisho kabisa, baada ya hayo yote.

"Lakini valvu kuu ya kituoni si imeshasimamishwa?" shemeji yake akauliza. "Ya mtaani ya nini tena?"

"Fimbo ya mbali haiui nyoka. Kule kituoni mtu anaweza kuzungusha usukani asijue kuna mwenzake huku kashika moto. Ya mtaani iko hapa, fundi anaiona kwa macho."

Kijana akaitikia kwa kichwa, lakini alikuwa anaangalia soksi zake. Alipoondoka, alimuaga dada yake peke yake. Tangu siku hiyo shemeji wawili hao hawakusemezana. Akitaka kumwambia mkaguzi neno, kijana alimpigia dada yake, na mkaguzi akitaka kujibu, alimjibu mkewe. Mwanamke akawa daraja, wapitao juu yake wote na mizigo. Alichoka, lakini moyoni alijisikia kwamba bila yeye nyumba ingeshagawanyika.

Hapo ndipo akapata wazo la chakula cha Jumamosi. Valvu ikishakwisha, mama yao aje, mdogo wake aje, wale pamoja, yaishe. Alimwomba mumewe jambo moja tu.

"Jumamosi usitoke. Mama yangu akifika akukute. Ukiwa shimoni siku hiyo, utakuwa umemtukana, na mimi umenimaliza."

"Jumamosi ndiyo wanamaliza valvu. Huwa naangalia mwenyewe."

"Utaangalia baada ya kula. Valvu itakimbia?"

Mkaguzi alikuwa na desturi ya kutoamini simu, ya kutoamini picha, ya kushuka kila shimo na miguu yake. Hata hivyo aliona jinsi macho ya mkewe yalivyovimba kwa moshi wa mkaa, akamhurumia.

"Nitakaa," alisema.

* * *

Mama mkwe alifika Jumamosi kabla chai haijapoa, amejifunga kanga mpya, na akaanza kumkomoa mkwewe tangu mlangoni. Aliketi kwenye kiti cha mbali. Akiulizwa kama anataka maji, alimjibu binti yake. Mkaguzi alimwamkia mara mbili, na mara ya pili akaitikiwa kwa pembe ya mdomo.

"Heri kujikwaa kidole kuliko ulimi," bibi alisema, akiangalia ukuta. "Kidole hupona."

Jikoni alikuwapo mke wa Cheche, jirani wa mlango wa pili, kaja kusaidia kukata vitunguu. Cheche alikuwa mchomeleaji, ndiye aliyeajiriwa na mwenye tanuri kukata na kuchomelea kile kiungo. Alikuwa ameshapakia vifaa vyake kwenye mkokoteni, yupo kizingitini kwa mkaguzi, anasubiri ruhusa, na kwa kuwa alishindwa kunyamaza, alikuwa anawachekesha wanawake.

"Shemeji, mimi nikisubiri sana nachomelea hata masufuria," alimwambia mke wa mkaguzi, mwenye nyumba.

"Chomelea mdomo wako kwanza," mkewe mwenyewe akamjibu kutoka jikoni.

Hapo simu ya mwenye nyumba ikalia. Alikuwa na unga mikononi, akaishika kwa vidole viwili. Alikuwa mdogo wake, anapiga kelele juu ya mlio wa jenereta, na sauti yake ilikuwa ya furaha, sauti ambayo dada yake hakuisikia tangu wiki ianze.

"Dada! Mwambie mumeo valvu imefungwa! Muulize, tuendelee?"

Akaenda sebuleni mbio, uso umechanua. "Valvu imefungwa!" aliwatangazia wote, mama yake akiwa wa kwanza. "Anauliza, waendelee?"

Mama mkwe akafumba macho, akashukuru kimoyomoyo. Cheche akapiga makofi pale kizingitini. Mkaguzi peke yake ndiye hakutabasamu. Alikuwa amekaa mbele kidogo ya kiti, kama mtu aliyesikia maji yanadondoka chumba cha pili.

"Imefungwa vipi?" akauliza.

Mama mkwe akafumbua macho.

"Muulize gesi imesimama, au valvu imefitishwa. Aseme."

Mwanamke alishikilia simu kifuani, sauti ya ndugu yake inamwita kutoka ndani ya kitambaa: dada, dada, upo? Alihisi damu inampanda usoni. Mbele ya mama yake. Mbele ya majirani. Mtoto wa watu katokwa jasho wiki nzima kufuta kosa, na huyu bado anamtahini maneno kama mwalimu wa darasa la kwanza.

"Huyu mtoto," mama yake akasema taratibu, sasa akimwangalia mkwewe usoni kwa mara ya kwanza, "hata akisema maji yamechemka, mtamuuliza yamechemka vipi?"

"Mama, sikuwa na maana..."

"Imefungwa ni imefungwa!" mkewe akamkatiza. "Au mpaka leo ndugu yangu ni mwongo? Nikuletee rangi uikague?"

Mkaguzi alimtazama. Akamtazama mama mkwe, akatazama viatu vyake mwenyewe pale mlangoni, vilivyopangwa tayari vidole nje. Jibu lilikuwa umbali wa neno moja. Lakini kulitafuta kungekuwa ni kusema kwamba bado hamwamini mtu, na chakula hiki chote kilipikwa ili aseme anamwamini. Akaegemea kiti.

"Haya," akasema. "Aendelee. Cheche, kazi ni yako. Mimi nikishakula nakuja kuangalia."

"Kasema muendelee!" mwanamke akaieleza simu, na upande wa pili wakashangilia.

Cheche akainua mikono ya mkokoteni, kisha akakumbuka, akaishusha. Akatoa simu yake mfukoni, akaiingiza jikoni kupitia dirishani, akampa mkewe. Ilikuwa amri ya mkaguzi: hakuna anayesogelea bomba la gesi akiwa na simu, hata ikiwa imezimwa.

"Nitunzie," alisema. "Na usisome za watu."

"Nani akuandikie wewe? Nenda huko."

Akaenda akisukuma mkokoteni, gurudumu moja likilia. Lilisikika mpaka alipokata kona.

* * *

Chakula kilichelewa kidogo kwa sababu mkaa ulikuwa mbichi, na sebuleni mambo yalianza kulainika. Mama mkwe alikubali maji kutoka mkononi mwa mkwewe. Alimuuliza habari za mgongo wake. Mwenye nyumba alisikia hayo kutoka jikoni, akamkonyeza mke wa Cheche, na moyo wake ukatua kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Alijiambia kwamba watu wanahitaji kusukumwa kidogo tu ili wapatane. Alijisifu kimyakimya, na hakuna wa kumlaumu kwa hilo.

Mdogo wake aliingia kupitia mlango wa uani, buti mkononi, amejaa grisi mpaka kwenye kope.

"Dada, mwaga hilo jiko la mkaa! Washa jiko lako la gesi!"

"Acha utani."

"Washa nakwambia!"

Mke wa Cheche ndiye aliyekuwa karibu. Akazungusha kitasa, akawasha kiberiti, na moto wa buluu ukaruka kuzunguka jiko, mzuri, ulionyooka, wenye nguvu. Wanawake wakapiga vigelegele. Kijana akasimama pale jikoni akicheka, grisi yote ile na meno meupe, mtu aliyerudishiwa heshima yake.

Mkaguzi akaja na mikono inayodondosha maji ya kunawa. Alisimama kwenye mlango wa jikoni, akautazama ule moto.

"Hii gesi imetoka wapi?"

Yalikuwa maneno ya kwanza kumwelekezea shemeji yake tangu Jumatano, na kijana aliyapokea kwa unyenyekevu. "Shemeji, ulisema tuendelee. Nimempigia mwenzangu kituoni, kafungua valvu kuu. Mtaa mzima unapika sasa hivi."

"Si ulisema imefungwa?"

"Ndiyo, imefungwa! Mpya kabisa. Kila bolti nimekaza kwa mkono wangu, njoo uone."

"Gesi haijasimamishwa."

"Isimamishwe ya nini tena? Si kile kiungo cha tanuri kimeshachomelewa? Wiki nzima gesi haikuwapo, nikajua Cheche keshamaliza zamani."

Mke wa Cheche alikuwa bado ameshika kiberiti. Akamwangalia mkaguzi, akamwangalia kijana, na tabasamu likabaki usoni mwake bila mwenyewe, kama taa iliyosahauliwa mchana.

"Mpigie," mkaguzi akasema. Alikuwa ameshatoa simu yake, vidole vimelowa, anakosea namba. "Mpigieni Cheche asikate! Alipopima, kipimo kitakuwa kilimwonyesha sifuri, atadhani bomba bado ni tupu. Mpigieni!"

Akapata namba. Akaiweka sikioni.

Simu ikalia jikoni, juu ya kabati, kando ya chombo cha chumvi. Ililia wimbo wa kuchekesha ambao Cheche alikuwa amemchagulia mkaguzi, sauti ya mwalimu anayegonga kengele. Wote wakaitazama. Iliendelea kulia.

Mkaguzi akatoka mbio na miguu mitupu. Kijana akamfuata na soksi zake. Mama mkwe akauliza kutoka sebuleni, "Wanakwenda wapi tena? Chakula je?" Mwenye nyumba alikuwa anaangalia jiko.

Moto ulikuwa unashuka. Hakuna aliyegusa kitasa. Ulishuka polepole, ukapoteza buluu yake, ukawa ndimi za manjano zinazolambalamba chuma, kama vile mahali fulani kuna mtu amefungua mlango mkubwa na pumzi yote ya nyumba inatokea huko.

"Gesi imepungua," mke wa Cheche akasema kwa sauti ndogo. "Mama, mbona imepungua?"

Kisha vioo vya dirisha vikaja ndani.

* * *

Cheche alizikwa kabla vumbi la tanuri halijafagiliwa barabarani. Mwenye tanuri alibaki hai, ila mikono yake, ile iliyokuwa na unga, haitakanda tena. Mdogo wa mke wa mkaguzi alichukuliwa na polisi jioni ileile, na grisi yake. Mkaguzi alisimamishwa kazi, akawa anakaa uani tangu asubuhi, hasomi, hasemi, na akiambiwa afunge mlango, anaufunga bila kuuliza.

Mtaani watu hawakumnyima tena mkewe mkate. Hakukuwa na mkate. Walimpisha njia, wakamwamkia kwa adabu iliyopita kiasi, na hakujua kama wanamhurumia au wanamwogopa. Wale waliokuwa wakisema Sarufi huku wakicheka, sasa walisema mkaguzi, na walilisema kwa sauti ya chini.

Alipoitwa kwenye uchunguzi alivaa nguo aliyoishona mwenyewe, akafika mapema. Chumba kilikuwa na meza, feni isiyozunguka, na benchi ukutani. Mke wa Cheche alikuwa amekaa kwenye benchi lile na simu ya mumewe mapajani, ameizungushia leso. Waliamkiana. Tangu msibani hawakuwa wamesemezana zaidi ya salamu, ingawa ukuta kati yao ulikuwa mmoja na kila mmoja alimsikia mwenzake akilia.

Afisa aliyeuliza maswali alikuwa mwanamke kijana, mpole, mwenye mwandiko mzuri. Alimpa maji. Alimwambia asiogope, hatafutwi yeye, wanataka tu kujua maneno yalivyopita. Nani alisema nini, kwa nani, kwa neno gani. Akaandika habari ya simu, ya unga mikononi, ya mama aliyekuwa sebuleni.

"Sasa, dada. Hapo ulipotoka jikoni ukaenda kwa mumeo, ulimwambia nini? Nataka neno lenyewe, kama ulivyolitamka."

"Nilimwambia valvu imefungwa."

Kalamu ikatembea, kisha ikasimama. Afisa akakunja uso kidogo, akalisoma neno lile tena alivyoliandika, akainua kichwa. Hakuwa anamsuta. Aliuliza kama anavyouliza mtu yeyote asiyetaka kukosea.

"Imefungwa vipi?"

Mwanamke alifungua kinywa. Kwenye benchi, nyuma yake, mke wa Cheche alikuwa ameinua uso, naye anasubiri jibu.